Jogoo wa Mbegu Abaki Nyumbani

(Mada iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Iramba waishio Dar es Salaam)



Nimepewa dakika ishirini kuzungumzia kuku. Najua wapo wanaojiuliza mhasibu na kuku wapi na wapi. Sababu ni kwamba mwaka huu kamati inatuomba tuchangie mradi wa kuku wa kienyeji kwa kaya za nyumbani, na mezani kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni kununua mashine kubwa ya kutotoleshea mayai, iwekwe Kiomboi, ihudumie kata zote. La pili ni kuzisaidia kaya zenye kuku wachache zitotoleshe kwa kuku wao wenyewe, na ziwatunze vifaranga mpaka wakue. Niliombwa nipige hesabu za yote mawili. Nimepiga, na nisiwaweke roho juu: naunga mkono la pili. Mashine isubiri.

Ndugu Mwenyekiti, jina la Singida na kuku ni kama jina la Mbeya na mchele. Hapa Dar es Salaam mtu akitaka kukusifia kitoweo anakuambia, "Huyu ni wa Singida." Lakini ukifika nyumbani, uwani kwa mama mmoja utakuta kuku watano, kumi ukibahatika. Wengi tuliomo humu tunajua kuku hao walifanya kazi gani. Sare, madaftari, nauli ya kwenda shule ya bweni, dawa ya malaria usiku wa manane: mara nyingi ilikuwa ni mama kunyoosha mkono bandani. Ng'ombe ni wa baba na wa ukoo, wanauzwa kwa kikao. Kuku ni benki ya mama, na haina foleni. Kwa hiyo tunapozungumzia kuku watano tusidhani ni jambo dogo.

Hasara iko wapi?

Naomba tuchukue mfano wa mama mwenye mitetea watano na jogoo mmoja. Namba hizi ni za mfano, lakini wafugaji mliomo humu mtaniambia kama ziko mbali na ukweli.

Kuku wa kienyeji hutaga kwa awamu. Hutaga mayai kama 12 hadi 15, kisha huatamia siku 21, kisha hulea. Tuseme kutaga kunachukua siku 20, kuatamia 21, na kulea vifaranga mpaka awaache siku 80. Jumla ni siku 121. Gawanya mwaka, unapata awamu tatu. Mitetea watano mara awamu tatu ni mitotoo 15. Kila mtotoo ukitoa vifaranga 10, mama huyu kwa mwaka amepata vifaranga 150.

Vifaranga 150! Sasa mbona uwani kuna kuku kumi? Hapo ndipo mhasibu anapoanza kuuliza maswali. Mwewe amechukua, kicheche amechukua, paka wa jirani amechukua, mvua na baridi vimechukua, na mdondo ukipita umefagia. Katika kila vifaranga 10, tuseme wanaofika miezi mitatu ni watatu. Basi kati ya 150 wamebaki 45, na hao ndio wanaouzwa, wanaoliwa, wanaotolewa sadaka.

Tuifanyie hesabu mashine. Tuseme imefanya maajabu, imeongeza vifaranga mara mbili, kutoka 150 mpaka 300. Kama wanaopona ni watatu kwa kumi, tutapata 90. Sasa tusiongeze hata yai moja, ila tufanye wanaopona wawe saba kwa kumi. Katika wale wale 150 tutapata 105. Tumepata zaidi ya mashine, bila umeme, bila fundi, bila kununua kitu kutoka nje.

Ndugu zangu, kuku wetu hawana tatizo la kutaga, wala la kutotoa. Tatizo ni ndoo inayovuja. Huwezi kuziba tundu la ndoo kwa kuongeza maji.

Kutotolesha kwa mpangilio

Hata hivyo, kutotoa nako kunaweza kupangwa vizuri zaidi. Haya ninayoyasema si mageni, na wapo akina mama wanaoyafanya tayari.

Mayai ya kuatamiwa yachaguliwe. Yasiwe makubwa kupita kiasi wala madogo, yasiwe na ufa wala umbo la ajabu. Yakusanywe kila siku, yawekwe mahali pa baridi na kivuli, ncha nyembamba ikiangalia chini, na yasioshwe, maana ganda lina utando unaozuia vijidudu. Yai likizidi siku saba nguvu yake inaanza kupungua, na likizidi kumi bora lipikwe.

Kuku mmoja apewe mayai anayoweza kuyafunika yote kwa mwili wake, 10 hadi 13. Ukimwekea 18 unadhani umepata faida, kumbe yale ya pembeni yanapoa kwa zamu na unaishia na mayai viza. Kiota kiwe mahali pa giza kidogo na utulivu, kiwe na nyasi kavu, na chini yake majivu ili utitiri usimtese. Maji na chakula viwe karibu, ili akitoka dakika chache arudi mapema.

Siku ya saba, usiku, mulika mayai kwa tochi kupitia tundu la kipande cha boksi. Yai lenye uhai litaonyesha mishipa myekundu kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu litakuwa angavu, hilo litoe.

Kuna mbinu moja inayofaa sana kwa mwenye kuku wachache: kuwaatamisha kwa pamoja. Kuku wa kwanza akianza kuatamia, mwachie yai moja tu au mawili ya kumshikilia, huku ukiendelea kukusanya mayai ya wengine. Wakifika wawili au watatu wanaoatamia, toa yale ya kushikilia na uwape wote mayai mazuri jioni ya siku moja. Baada ya siku 21 vifaranga wote wanatoka pamoja. Wana umri mmoja, wanakula chakula kimoja, wanachanjwa siku moja, wanauzwa wakati mmoja. Mama mwenye kuku watatu wa kuuza hana sauti mbele ya mchuuzi. Mwenye ishirini wa kimo kimoja anapanga bei.

Wiki nne zinazoamua

Sasa nije kwenye tundu la ndoo. Vifaranga wengi hufa katika wiki nne za kwanza. Kwa desturi yetu kifaranga wa siku mbili anatembea na mama yake shambani akitafuta riziki. Mwewe anapita juu, umande uko chini, na kifaranga hawezi kukimbia mbali.

Dawa yake kwa mwenye kuku wachache ni tenga. Mfunike mama na watoto wake chini ya tenga kubwa, mahali pakavu, uwape maji safi kwenye chombo kifupi na chakula laini. Mama mwenyewe ndiye jiko lao, huhitaji mkaa wala taa. Kwa siku za kwanza wakae humo muda wote. Baadaye watolewe mchana jua likiwa zuri, mtu akiwa karibu, na jioni warudi.

Ukiwa na vifaranga wengi waliototolewa pamoja, tumia kinengunengu: sehemu ndogo ya duara iliyozungushiwa ukuta mfupi, sakafuni maranda au pumba za mpunga, ndani kuna taa ya chemli au jiko la mkaa lililokingwa vizuri. Huna haja ya kipimajoto, vifaranga wenyewe watakwambia. Wakijikunyata kulizunguka jiko, wanasikia baridi. Wakilikimbia na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, umepatia. Hewa iingie, maana moshi wa mkaa unaua vifaranga, na watu pia.

Chakula nacho tunacho. Iramba ni nchi ya alizeti na mtama. Pumba laini, mtama uliopondwa, mashudu kiasi na dagaa wa kusaga ni chakula kinachokuza. Mchwa pia wanaoteshwa: chungu kikuukuu ukijaze kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua, ukiloweshe, ukifunike kifudifudi juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi inua, kuku wana kitoweo cha bure.

Faida ya pili ya tenga na kinengunengu iko kwenye mzunguko wa mtaji. Vifaranga wakitengwa na mama baada ya wiki nne badala ya siku 80, na mama akalishwa vizuri, anarudi kutaga mapema. Siku 20 za kutaga, 21 za kuatamia, 28 za kulea, na 20 za kupumzika ni siku 89. Awamu tatu zinakuwa nne. Kuku ni yule yule.

Mdondo

Yote haya, Ndugu Mwenyekiti, yanaweza kufutwa na wiki moja ya mdondo. Sihitaji kuueleza kwa watu wa Iramba. Asubuhi kuku amejikunja, anahema kwa shida, anatoa kinyesi cha kijani, kesho yake shingo imepinda. Mwisho wa wiki banda ni tupu. Mara nyingi unakuja kiangazi kinapoelekea mwisho, kabla ya mvua. Hauna tiba. Vidonge vya binadamu tunavyovichanganya kwenye maji havifanyi lolote.

Lakini una chanjo. Chanjo ya aina ya I-2 hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Ni tone moja kwenye jicho, kwa kuku mkubwa na kifaranga vilevile. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, ndiyo maana inafaa vijijini, ingawa si ya kuachwa juani. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Inachanjwa kuku mzima, kwa sababu aliyekwisha kuugua haitamponya, na kinga huchukua muda wa kama wiki mbili kujengeka.

Kwa hiyo tatizo letu ni mpangilio tu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa mama mmoja, na ikishafunguliwa haihifadhiwi kwa ajili ya msimu ujao. Mama mwenye kuku kumi hawezi kuinunua peke yake na kumwaga iliyobaki. Wakijiunga kaya ishirini, mchanjaji mmoja wa kijiji akapita siku moja aliyotangaza, gharama kwa kuku mmoja inakuwa ndogo kabisa. Napendekeza tarehe zijulikane kama zinavyojulikana sikukuu: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Chanjo ya Septemba isikosekane, maana ndiyo inayotangulia miezi ya hatari.

Na kuku anayeletwa kutoka mnadani asiingizwe bandani siku hiyo hiyo. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfunge kando wiki mbili, umwangalie.

Jogoo anayeliwa

Hapa naomba radhi kwa wazee, maana nitatugusa sisi tuliomo ukumbini.

Jogoo ni nusu ya banda. Jogoo mmoja hutosha mitetea hadi kumi, na kila kifaranga anayezaliwa amechukua nusu ya damu yake. Sasa tutazame nyumbani tunafanyaje. Mchuuzi akija kutoka Misigiri anachagua jogoo mkubwa kuliko wote, maana ndiye mwenye bei. Na Desemba sisi tukishuka kwenye basi na mabegi yetu, mama anafanya nini? Anamkamata yule yule. Mgeni hachinjiwi kuku aliyekonda. Tunakula, tunasifia, na tukiondoka tunafungiwa mwingine kwenye tenga aje Dar es Salaam.

Anayebaki kupanda mitetea ni yule mdogo, aliyedumaa, ambaye hakuna aliyemtaka. Mara nyingi ni mtoto wa mitetea hao hao. Baada ya miaka michache banda zima ni la ndugu kwa ndugu. Mayai yasiyo na uhai yanaongezeka, vifaranga wanatoka dhaifu, kuku wanapungua kimo, halafu tunasema mbegu ya kienyeji imeisha. Haikuisha, tumeila. Tunalia na mwewe wa angani, kumbe mwewe mkubwa anakuja na basi.

Mkulima hawezi kula gunia la mbegu na kupanda makapi. Basi na kwenye kuku iwe hivyo. Kila kaya imchague jogoo wa mbegu: mwenye kimo, kifua kipana, miguu imara, macho maangavu, aliyezaliwa na mtetea anayetotoa na kulea vizuri. Afungwe kitambaa chekundu mguuni. Huyo hauzwi wala hachinjwi, hata akija mkwe. Kabla binti zake hawajaanza kutaga, abadilishwe na jogoo wa kijiji kingine. Wa Ndago aende Kinampanda, wa Kinampanda aende Shelui. Na mtetea aliyebadilishiwa jogoo asiatamishwe kwanza kwa wiki tatu, kwa kuwa mbegu ya jogoo wa zamani hukaa mwilini mwake muda huo.

Vijana wengine wataniuliza, kwa nini tusinunue chotara, Kuroiler au Sasso? Kwa mwenye mtaji na chakula cha kununua, ni biashara nzuri, na simkatazi mtu. Wanakua haraka na wanataga zaidi. Lakini kwa kawaida hawaatamii, na watoto wao hawatoki sawa na wazazi. Maana yake kila awamu mama anarudi kununua vifaranga kwa fedha taslimu. Mtetea wa kienyeji ni kiwanda kinachojizalisha chenyewe. Kwa mama wa kuku watano, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwa na mali na kuwa mteja.

Mashine isubiri

Siipingi mashine milele. Mashine inataka joto la nyuzi 37 na nusu hivi, bila kuyumba, mchana na usiku kwa siku 21, na mayai kugeuzwa mara kadhaa kila siku mpaka siku ya 18. Umeme ukikatika usiku mzima, mayai ya kaya hamsini yameharibika kwa pamoja. Vifaranga wakitoka hawana mama, wanahitaji joto jingine. Na tukiwapeleka kwenye nyua ambazo hazina chanjo wala matenga, tutakuwa tumewatotolesha kwa ajili ya mwewe na mdondo. Siku kaya zitakapoweza kuwafikisha vifaranga saba kati ya kumi kwenye miezi mitatu, nitakuwa wa kwanza kuichangia.

Ombi langu

Ndugu Mwenyekiti, kamati inapendekeza tuanze na vijiji vinne, kaya 25 kila kijiji, jumla kaya 100. Napendekeza kila shilingi 10,000 tutakayochanga igawanywe hivi: 4,000 za chanjo na kuwafundisha wachanjaji wawili kila kijiji, tukishirikiana na maafisa mifugo wa kata, 3,000 za matenga na vifaa vya kinengunengu, vitengenezwe na mafundi wa huko huko, 2,000 za kununua na kubadilishana majogoo wa mbegu, na 1,000 za ufuatiliaji.

Naomba pia mambo mawili yasiyo ya fedha. Kwanza, kaya ziandikishwe kwa majina ya akina mama wenyewe. Tunajua mradi ukinona jina hubadilika. Pili, kila kaya iwe na daftari lenye safu nne: mayai yaliyoatamiwa, vifaranga waliototolewa, walio hai wiki nne, walio hai miezi mitatu. Nimejitolea kuzijumlisha namba hizo bila malipo na kuzisoma hapa mkutano ujao, ziwe nzuri au mbaya. Zikiwa mbaya mtaniuliza, na mtakuwa na haki.

Mwisho, Desemba tutakwenda nyumbani. Mama akinyanyuka kwenda bandani, mwulize yupi ni jogoo wa mbegu. Mwombe amwache, upike maharage na mlenda siku hiyo, au ununue nyama Kiomboi kwa fedha yako. Hutakuwa umekosa heshima. Utakuwa umemwachia mama benki yake.

Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina, mlango wa kulia.